Mwenye Jina

2 Machi

Mvua zimeanza. Daktari ameniambia moyo wangu hautaipenda baridi ya mwaka huu, nami namwamini, maana ni kijana asiyepunguza sauti anaposema mabaya. "Mzee, masika haya tuyavuke polepole," alisema. Tuyavuke, kana kwamba na yeye anakufa. Nimekwisha kustaafu kila kitu isipokuwa kupumua, na hata huko siku hizi nafanya kibarua tu.

Nashinda barazani. Nyumba ya binti yangu imo ndani ya uwanja wa shule ya bweni ya wasichana anayoiongoza. Kati yetu na ofisi kuna ua wa michongoma tu. Yeye ni mkuu wa shule. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Dada anayetusaidia kazi za nyumbani ametugawa hivi: binti yangu ni Mkuu, mimi Mkuu Mstaafu. Mtu akibisha hodi akamtafuta Mkuu, Dada humuuliza, "Anayesaini au anayekohoa?"

Mimi humwita binti yangu Mama. Watu hudhani ni kwa sababu nilimpa jina la mama yangu mzazi, kama wafanyavyo wengi. Ni kweli nilimpa. Lakini jina hilo halitumii tena, na habari yake nataka kuiandika kabla mkono haujanikatalia. Leo nimechoka.

3 Machi

Nimelala mchana kutwa.

5 Machi

Wasichana wapya wa kidato cha kwanza wameanza kuripoti. Nawaona vizuri kutoka hapa. Wanaokuja kwa gari wanaingia hadi mlangoni mwa bweni, na dereva anateremsha godoro bado lina nailoni yake. Wanaokuja kwa miguu wanasimamishwa getini wakakwangue matope kwenye viatu. Mlinzi ana kipande cha bati kwa kazi hiyo. Hana ubaya, ndivyo alivyoagizwa. Lakini mtoto anayekwangua viatu mbele ya wenzake amekwisha kufundishwa somo lake la kwanza kabla hajafika darasani.

Kwenye ubao kuna tangazo: asiyeripoti mpaka mwisho wa mwezi, nafasi yake itajazwa. Nilifanya kazi serikalini muda mrefu, nalijua neno hilo. Nafasi haijazwi na upepo. Hujazwa na mtoto ambaye baba yake ana namba ya simu ya mtu.

6 Machi

Mvua.

8 Machi

Kuna mwanamke wa mwavuli wa bluu kwenye benchi la nje ya ofisi. Nilimwona juzi, jana na leo. Yuko na msichana mwembamba mwenye sanduku la bati. Karani anatoka, anatazama karatasi zao, anatikisa kichwa, anarudi ndani. Wao wanakaa tena. Mlango ukifunguliwa msichana anasimama wima, ukifungwa anaketi. Kama angekuwa wangu ningemwambia asisimame, aitunze miguu.

11 Machi

Kibao cha jina kwenye mlango wa Mkuu kimeng'olewa. Fundi alikileta nyumbani kimefungwa gazetini, Mama akakitia kabatini bila kukifungua.

"Mlango utapakwa rangi," akaniambia, ingawa sikuwa nimemuuliza.

Alipoondoka Dada akasema, "Rangi gani inayopakwa kwenye mvua hii? Labda wanapaka kwa maji."

12 Machi

Lazima niandike leo, hata ikinichukua alasiri nzima.

Mvua ilikuja kwa ubavu, ile inayopuuza paa. Watu wa benchi wakatawanyika. Yule mwanamke akaliona baraza letu, akaja mbio na mwavuli wake umepinduka, msichana nyuma yake na sanduku kichwani.

"Hodi wenyewe! Tujibanze hapa kidogo, Mzee. Mvua haina adabu."

"Karibuni. Keti, mwanangu. Sanduku liweke pale pakavu."

"Shikamoo, Mzee," wakasema wote wawili.

"Marahaba."

Dada akaleta chai bila kuagizwa. Mwanamke alikishika kikombe kwa viganja viwili, nikaona vidole vyake: vimevimba kwenye maungo, kucha zimevunjika. Akaona natazama.

"Naponda kokoto," akasema. "Jiwe kubwa linaingia, madogo yanatoka. Nyama ya vidole pia inatoka, lakini hiyo wanunuzi hawaihesabu."

Nikamuuliza msichana alifaulu vipi. Mama yake akamjibia. "Wa kwanza, Mzee. Si darasani tu, kata nzima. Na shule yenyewe ina mwalimu mmoja na nusu."

"Nusu ni nani?"

"Mlevi. Yuko hadi saa nne." Msichana akaficha kicheko kwenye kikombe.

"Sasa hapa tatizo ni nini?"

"Mwanzo ulikosekana muhuri. Tukaenda wilayani, tukauleta. Wakasema muhuri ni wa bluu, unatakiwa mwekundu. Tukarudi, tukauleta mwekundu. Leo karani ananiambia cheti cha kuzaliwa kina mkunjo. Mkunjo! Kimelala kifuani kwangu mvua yote hii, kisikunjike kimekuwa sahani?"

Nilicheka. Naandika kwamba nilicheka. Nikasema kitu, nadhani nilisema makarani wa nchi nzima walizaliwa na mama mmoja, na yeye akaacha kunywa, akanikazia macho.

"Sauti hiyo naijua."

"Wazee wote sauti zetu ni moja."

"Hapana. Wewe si Mwalimu Mkuu? Ile shule ya kando ya machimbo, ya paa la kijani?" Akaweka kikombe chini. "Mwalimu! Ni mimi!"

Akataja jina lake. Alitaja majina yote matatu mfululizo, jinsi tulivyozoea kuyaita mstarini asubuhi, na akanyoosha mgongo alipoyataja.

Jina hilo hilo, yote matatu, nilikuwa nimelisikia asubuhi. Mtu wa posta alilisoma getini kwetu kwa sauti, akitafuta saini ya Mkuu. Silitaji humu. Limekwisha kuandikwa mahali pengi lisipopaswa kuwapo.

Alipiga magoti kuniamkia upya. Akamvuta binti yake. "Mpe mkono. Huyu ndiye aliyenifundisha kusoma. Yote ninayokufundisha usiku kwa kitaa cha mafuta, yametoka kwa huyu." Kisha akatazama nyumba, akatazama ua wa michongoma. "Mwalimu unakaa hapa? Mkuu ni nani wako?"

"Ni binti yangu," nikasema, nikiomba asiulize yupi.

Akainua mikono juu. "Basi na sisi tuna mtu! Mwalimu, niombee kwake. Neno moja tu, lako litasikilizwa."

Nikamwambia nitasema naye. Mvua ikapungua, wakaenda. Sikumbuki kama niliwaaga.

13 Machi

Sikula. Dada amewaambia majirani kwamba nafunga.

14 Machi

Basi niandike.

Mwaka ule binti yangu na huyu mwanamke walifanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi katika chumba kimoja, chini ya usimamizi wangu. Mmoja alikuwa binti wa mwalimu mkuu, mwenye taa mezani na kamusi yake mwenyewe. Wa pili alikuwa binti wa mponda kokoto, mkubwa kwa miaka miwili, anayekuja shule na vumbi jeupe kwenye nyusi. Matokeo yalipofika nilifungua bahasha peke yangu ofisini. Aliyechaguliwa kwenda shule ya taifa alikuwa mmoja, na alikuwa yule wa vumbi. Binti yangu alikuwa ameanguka. Hakuanguka kidogo.

Wakati ule walimu wakuu wengi waliuza majina. Mtoto amefaulu, mzazi wake hajui pa kuulizia. Unamwambia ameshindwa, barua yake unampa mwenye uwezo, na mtoto wa mwenye uwezo anakwenda kusoma kwa jina la aliyefaulu. Fomu hazikuwa na picha. Tulikuwa na neno letu la ofisini. Hatukusema kuiba wala kuuza. Tulisema kuhamisha. "Yule wa kwako umemhamisha?" mtu angeuliza kwenye semina, huku anakoroga chai. Ni neno safi, lina hata kichwa cha barua. Ukilitumia vizuri unajiona umefanya kazi ya utawala.

Mimi sikuuza. Kwa miaka mingi nimejipa sifa hiyo, kwamba sikupokea senti. Nilichukua bure. Leo najiuliza kama wauzaji hawakunizidi, maana wao angalau walikiri kwamba kitu kile kilikuwa na thamani.

Na niseme yote. Nilipokaa na ile barua sikuwaza tu binti yangu. Niliwaza pia: huyu wa kokoto ataifanyia nini? Niliwaza kwamba elimu ingempotelea, kama kumvisha suti mtu anayekwenda kulima. Mimi, mwalimu, niliwaza hivyo juu ya mwanafunzi bora niliyepata kumfundisha.

Asubuhi yake niliwapanga mstarini, nikasoma majina ya waliochaguliwa shule mbalimbali. Nilipofika kwake nililiruka. Alikuwa mstari wa mbele. Aliendelea kunitazama hata nilipokunja karatasi, kama mtu anayesubiri chenji.

Wiki ileile nilimpeleka binti yangu kwenye geti la shule ya taifa, nikamwinamia, nikamwambia: kuanzia leo unaitwa hivi. Ndugu tuliwaambia ni jina la shuleni. Wengi wana jina la nyumbani na jina la shuleni, hakuna aliyeshangaa. Kisha nikaomba uhamisho wilaya ya mbali, na nikaupata. Marehemu mke wangu hakulitamka jina lile mpaka anaingia kaburini. "Sikuzaa mtu anayeitwa hivyo," alisema mara moja tu. Mimi nilitafuta njia ya mkato, nikawa namwita Mama.

15 Machi

Kifua. Nesi amenichoma sindano mbili.

16 Machi

Leo ni Jumapili, Mama hakwenda ofisini. Aliniletea uji mwenyewe, akakaa. Nikamwambia, "Yule mwanamke wa benchi."

"Najua ni nani."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Karani aliniletea fomu ya mtoto. Sehemu ya jina la mama." Alikoroga uji wangu ambao haukuhitaji kukorogwa. "Nilidhani karani amekosea, ameniandika mimi. Nikachukua kalamu nikate. Halafu nikaelewa."

"Nilidhani unaitaka nafasi yake kwa ajili ya mtu mwingine. Nilisikia yule mkandarasi wa bweni jipya ana binti."

"Huyo ana njia yake, usimtie humu. Baba, fikiri. Huyu mtoto akiingia, jina la mama yake litaandikwa kila muhula. Kompyuta ya wizara haina aibu, italiweka chini ya langu kwenye ukurasa mmoja, na tarehe ya kuzaliwa ileile. Siku ya kutembelewa atakuja mwenyewe na mwavuli wake, atasoma mlangoni, atauliza. Mtu anayeuliza hivyo hajibiwi kwa muhuri mwekundu."

"Kwa hiyo unamzungusha mpaka tarehe ipite."

"Sikumkataa. Mvua ndiyo itakayomkataa."

Nikamwambia hiyo ni dhambi. Akacheka, kicheko cha mama yake alipokuwa amekasirika sana.

"Dhambi unaijua leo? Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Wiki ya kwanza nilichapwa kila asubuhi kwa kutoitika jina. Walidhani nina kiburi. Nilikuwa nasikia mtu anaitwa, namtafuta kwa macho, kumbe ni mimi. Mume wangu alilioa jina la mwanamke mwingine, hajui mpaka leo. Nitastaafu miaka miwili kabla ya wakati kwa sababu wewe ulichukua jina la aliyenizidi umri. Hata kaburini nitalala kwa jina lake. Yule niliyekuwa mimi, Baba, ulimzika wapi?"

Akanifuta midomo, akachukua bakuli.

Niandike na hili, lisije likapotea: ni mkuu mzuri. Anaamka kabla ya kengele. Maabara ya shule hii aliipigania kama mtu anayepigania figo yake. Wasichana wanamwogopa na wanampenda. Sijui niliweke hili upande gani.

18 Machi

Mvua. Mlinzi anasema daraja la kwenda wilayani limeanza kuzama.

19 Machi

Mvua.

20 Machi

Benchi tupu. Nilijikuta nimefurahi, kisha nikajichukia mpaka wakati wa chai.

21 Machi

Wamerudi! Wamepita njia ya juu, miguu imechubuka. Cheti kipya hakina mkunjo, amekibeba kati ya vipande viwili vya kadibodi. Karani amekitazama, amekipenda, amesema kinachokosekana sasa ni barua ya mtendaji kuthibitisha kwamba cheti ni kipya.

Mwanamke akanipungia mkono kutoka kwenye benchi. Nami nikampungia.

23 Machi

Nimemwambia Mama nitasema. Nitamwita mwanamke barazani nimwambie yote, kisha anipeleke anakotaka, hata polisi wakinibeba kwa machela.

Hakupandisha sauti. "Sema. Wewe utakuwa umekufa kabla ya kesi kusomwa. Mimi nitafukuzwa, nitafungwa. Wanangu watakuwa watoto wa nani? Na yeye atapata nini? Jina atarudishiwa, haya. Ataliweka wapi? Miaka yake hairudishwi. Na huyo binti yake atakosa shule kabisa, maana hakuna mkuu atakayempokea mtoto aliyekuja na kesi."

"Basi mpokee."

Nje mfereji wa bati ulikuwa unafurika.

"Kuna njia moja," akasema.

24 Machi

Nimeshinda natazama michongoma.

25 Machi

Kutwa nzima nimeutafuta upande ambao njia hiyo si mbaya. Kwamba mtoto ataingia. Huo ni upande mmoja, na ni mkubwa. Mtoto ataingia, atalala kwenye kitanda, atakuwa na maabara na walimu wazima. Najua namna ninavyojishawishi, ni ileile ya ofisini. Tofauti ni kwamba safari hii nina haraka.

26 Machi

Nimefanya.

Dada aliwaita. Mama hakuwapo, hawezi kuonekana mbele ya yule mwanamke, wala karani hapaswi kujua. Kwa hiyo kazi ilikuwa yangu. "Wewe anakuamini," aliniambia asubuhi, na hakuwa ananisifu.

Fomu mpya ilikuwa mapajani mwangu. Nikawaambia nimesema na Mkuu. Nikawaambia nafasi za kawaida zimejaa, zilizobaki ni za yatima, na kwamba Mkuu yuko tayari kumtia mtoto humo, iwapo fomu itasema hivyo. Mlezi awe shangazi. Sehemu ya baba, aliyefariki kweli, imekwisha kujibiwa na Mungu. Sehemu ya mama iandikwe marehemu tu, bila jina.

Uongo huo niliutunga vizuri. Ulikuwa na harufu ya ofisi, ndiyo maana ulikubalika. Hawa watu wamezoea kwamba kila mlango una neno lake la uongo la kuufungulia.

Mwanamke alinitazama, kisha akaangua kicheko. "Nife kidogo, siyo?"

"Ni ya karatasi tu."

"Basi nimekufa, Mwalimu. Nimekwisha. Mnizike na kokoto zangu, zitatosha."

Msichana hakucheka. "Mama, mimi siandiki hivyo."

"Utaandika."

"Siwezi kukuandika marehemu. Niandike nini siku ukifa kweli?"

"Siku hiyo utakuwa daktari, utajua. Chukua kalamu."

"Na siku ya kutembelewa?"

"Nitakuja. Mimi si shangazi yako? Nitakuja na mdomo mrefu kama shangazi." Akauvuta mdomo mbele. Mtoto akalia na kucheka kwa pamoja, kamasi zikamtoka.

Hapo nilitaka kusema. Nataka iaminike kwamba nilitaka. Nikaanza: "Mwanangu, mwaka ule wa mtihani wenu, matokeo yale..."

Akanishika mkono kwa vidole vile. "Mwalimu, usijitese. Najua uliumia kuliko mimi. Siku ile unasoma majina nilikuona. Sauti ilikukatika katikati. Nikaenda kumwambia baba, mwalimu wetu amesikitika mpaka sauti imemkatika. Hilo ndilo lililonifanya nisiache kusoma vijikaratasi vyangu. Nilijua kuna mtu aliyetaka nifaulu."

Ilikatika kweli. Ilikatika pale nilipoliruka jina lake.

Angenitukana ningemaliza sentensi. Shukrani ndiyo iliyonifunga mdomo. Nikakaa na mkono wake juu ya wangu, nikasema, "Haya, tuendelee na fomu."

Msichana aliandika kwa hati ya mviringo, nzuri sana. Hati hiyo naijua. Ni yangu, nilimfundisha mama yake, na mama yake kamfundisha yeye kwenye mwanga wa kitaa. Alipofika kwenye sehemu ile mama yake alisimama nyuma yake akimwangalia, na mtoto alipokosea herufi moja akamwambia, "Taratibu. Usinifute."

27 Machi

Amepokelewa. Karani ameigonga mihuri yote bila kutafuta mkunjo.

29 Machi

Siwezi kulala chali. Nesi amebadilisha dawa.

1 Aprili

Usajili umefungwa. Dada ana habari zote: binti wa mkandarasi ameingia, na wengine kama yeye. Nikauliza nafasi zimetoka wapi. "Za wale wa ng'ambo ya daraja," akasema. "Hawakuripoti." Daraja limezama tangu wiki iliyopita. Wako huko ng'ambo na masanduku yao na vyeti vyao, wanasubiri maji yashuke, na hawajui kwamba wamekwisha kujazwa.

Nilimwambia Mama. Akasema, "Baba, nimekupa mmoja." Alisema kweli. Nilipewa mmoja, na nikanyamaza juu ya wengine.

4 Aprili

Mwenye Jina alikuja kuniaga kabla hajarudi machimboni. Aliniletea mayai. Nilimwambia Dada ayapike, sikuweza kuyameza.

6 Aprili

Mvua.

9 Aprili

Daktari alikuja na mwenzake. Waliongea kwa kunong'ona, yule kijana naye ananong'ona sasa. Basi najua.

Niliwaza kumwita mhubiri. Lakini mhubiri atanisamehe, ndiyo kazi yake. Anayeweza kunisamehe ni mmoja, naye nimekwisha kumsaidia kuandikwa marehemu.

11 Aprili

Mama amekiona hiki ninachoandika. Hakukigusa. "Andika, Baba," akasema. "Ila ujue msomaji wako wa kwanza ni mimi, na nyumba hii ina jiko."

Nimeendelea kuandika.

14 Aprili

Leo mvua ilipumzika. Wasichana wawili wa kidato cha kwanza waliletwa kufagia majani mbele ya baraza. Mmoja alikuwa yeye. Sare inampwaya mabegani, lakini viatu vilikuwa safi. Aliniamkia vizuri. Mwenzake, mnene, mchangamfu, mtoto wa gari, hakuacha kuongea: chakula kibaya, hesabu ngumu, huyu mwenzangu ametupita sote kwenye jaribio la kwanza, Babu, tena kwa mbali.

Nilifurahi. Nilisahau nilipo na nilichofanya, nilikuwa mzee tu anayefurahi. Nikamwambia, "Hongera sana. Mama yako akisikia! Nisalimie mama yako."

Aliacha kufagia. Alimtazama mwenzake, kisha akanitazama mimi, na macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa yananiomba nisimharibie.

"Babu," akasema, "mama yangu alishafariki."

"Masikini, pole jamani," mwenzake akasema, akamshika bega. "Hukuniambia."

"Asante," akasema. Akaipokea pole hiyo kwa kuinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyekwisha kuzoea kupewa.

Wote wawili wakanigeukia, wakingoja. Mtoto akisema hivyo mbele ya mtu mzima, kuna neno analostahili kuambiwa.

"Pole, mwanangu," nikasema.